Kazi ya kukwangua ukoga: nani alisema wataridhika?

Ukikaa kwenye kiti cha kliniki ya meno kule Marekani, mara nyingi anayetumia muda mrefu zaidi mdomoni mwako si daktari. Ni mtaalamu wa usafi wa kinywa, yule anayekwangua ukoga, kukagua fizi na kukuelekeza namna ya kupiga mswaki. Ukiwauliza wenyewe kuhusu kazi yao, wengi watakupa majibu mawili kwa pamoja: wanaipenda, na inawachosha. Kwa nini iwe hivyo? Hebu turudi mwanzo.

Mwaka 1906, mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kusafisha meno ya wagonjwa. Fones aliamini kwamba magonjwa mengi ya meno yanazuilika, sema madaktari walikuwa bize kuziba na kung'oa. Novemba 1913 akafungua shule ndani ya gereji iliyogeuzwa darasa. Mwaka uliofuata wakahitimu wanawake 27, na baadhi yao wakaenda kuwasafisha meno watoto katika shule za mji huo. Mwaka 1917 Newman akapata leseni ya kwanza ya kazi hii.

Sasa angalia kazi ilivyoundwa. Fones alidai kuwa mwanaume hawezi kuridhika kubaki na jukumu moja tu, ila mwanamke ataridhika. Yaani kuridhika kwao kulichukuliwa kama tabia ya jinsia kabla hata hawajaulizwa! Juu ya hapo, sheria ziliwaweka chini ya usimamizi wa daktari: wamesoma, wana leseni, lakini uamuzi ni wa mwingine.

Hawakukaa kimya. Mwaka 1923 waliunda chama chao cha kitaifa, na moja ya madai yao ya muda mrefu ikawa uhuru wa kufanya kazi. Mwaka 1987 jimbo la Colorado liliwaruhusu kutoa huduma bila kusimamiwa na daktari, hata kufungua ofisi zao.

Mwili nao una hesabu zake. Kukwangua ukoga ni mwendo mdogo unaorudiwa siku nzima, shingo imeinama, vidole vimebana kifaa chembamba. Maumivu ya shingo, mabega na viganja ni malalamiko ya kawaida kabisa. Ratiba ikibana, mgonjwa mmoja akitoka mwingine anaingia, hakuna hata dakika ya kunyoosha mgongo. Na ratiba hiyo, mara nyingi, anaipanga mwenye kliniki.

Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuipenda kazi, kufurahi kuona fizi za mgonjwa zimepona, na bado akafikiria kuiacha. Fones alitafuta kuridhika ndani ya jinsia ya mfanyakazi. Angeangalia pia nani anashika saa.