Miaka ya Ukata na Nyumba ya Ibada

Wazee wanaosimulia juu ya miaka ya 1979 hadi 1986 aghalabu huanza na sabuni. Haikupatikana. Sukari, chumvi, mafuta ya taa na khanga vilitafutwa kwa foleni iliyoanza kabla ya alfajiri, na aliyechelewa alirudi na kikapu kitupu. Kisha wazee hao hao hukumbuka jambo la pili, kwamba katika miaka hiyo watu walishika sana ibada. Uhusiano wa mambo hayo mawili umezoeleka kuelezwa kwa sentensi moja: shida humrudisha mtu kwa Mungu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi mno.

Chanzo cha ukata kinafahamika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata, hadi Kampala ilipotekwa Aprili 1979, vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500. Bei ya mafuta duniani ilipanda wakati huo huo. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na mikanda ikazidi kukazwa. Mwaka 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikamatwa, na wapo walioogopa hata wakatupa mali zao porini usiku. Masharti ya biashara yalianza kulegezwa mwaka 1984, na mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Katika hali hiyo usharika wa Kilutheri ulikuwa na desturi moja ambayo thamani yake haikuwa imeonekana vizuri wakati wa neema, nayo ni mnada. Asiyekuwa na fedha aliruhusiwa kutoa alichonacho. Alileta yai, mkungu wa ndizi, kuku au debe la mahindi, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje ya kanisa. Fedha iliingia katika mfuko wa usharika, na chakula kikaenda nyumbani kwa mtu mwingine, bila kadi ya ugawaji na bila mlanguzi. Hakuna aibu kukiri kwamba wapo waliokuja wakiwa wameuwaza mnada kuliko mahubiri. Usharika pia ulikuwa na watu wa kuchimba kaburi, kina mama wa kupika msibani, na kwaya ya kumsindikiza marehemu ambaye jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kununua hata sanda. Hospitali za Kanisa nazo, kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo, mara nyingine zilikuwa na dawa ambayo zahanati ya jirani ilikuwa imeikosa kwa miezi.

Lakini chakula na dawa havimalizi jambo hili. Ukata huo ulikuwa pia ukata wa kuaminiana. Mtu mwenye mfuko wa sukari uvunguni alimwogopa jirani yake, na jirani alimshuku yeye. Kusema hadharani kwamba nyumbani hakuna kitu kulikuwa fedheha, na kusema kwamba kipo kulikuwa hatari. Katika vikundi vya maombi maneno hayo yaliweza kusemwa.

Mizizi ya desturi hiyo ilikuwa ya zamani. Njaa kubwa ya Rwanda ya mwaka 1928 na 1929, iliyoitwa Rwakayihura, ilimkuta daktari Joe Church akianza kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana ya Gahini. Uamsho uliotokea huko haukuja wakati watu wanakufa kwa njaa. Ulikuja miaka kadhaa baadaye, katikati ya miaka ya 1930, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umewafikia Walutheri wa Bukoba. Walioamshwa walitubu mbele ya wenzao, wakalipa madeni, wakarudisha vitu walivyoiba. Josiah Kibira alilelewa kiroho katika uamsho huo. Ndiye aliyekuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi vita vya Kagera vilipotokea, naye alikuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, yaani sehemu kubwa ya miaka ya ukata inayosimuliwa hapa. Njaa peke yake haikuleta uamsho. Iliacha watu waliojua kwamba hawajitoshelezi, na hao walipofikiwa na Neno walikuwa tayari kuambiana ukweli.

Hali hii haikuwa ya Wakristo peke yao, wala ya Afrika peke yake. Fedha ya Indonesia ilipoporomoka mwaka 1997 na 1998, familia nyingi za Kiislamu zilizoathirika zilizidisha kusoma Kurani pamoja. Mtaalamu wa uchumi Daniel Chen, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2010, aliona kwamba familia zilizoumia zaidi ndizo zilizozidisha, na kwamba mahali palipokuwa na mikopo ya kuwawezesha watu kuvuka kipindi kile, ongezeko hilo lilikuwa dogo. Kwa maneno mengine, jumuiya ya dini ilifanya kazi ya akiba kwa wale wasiokuwa na benki. Hoja hiyo ni nzito, nayo inaueleza mnada vizuri. Haielezi kwa nini wengine walibaki sukari iliporudi madukani.

Maandiko yenyewe hayana jibu moja. Katika Yohana sura ya 6 Bwana anawaambia makutano waziwazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Katika Luka sura ya 15 mwana mpotevu anaamua kurudi kwa sababu ya njaa, akiwa amekumbuka chakula cha watumishi wa baba yake, wala baba hamhoji sababu kabla ya kumkumbatia.

Upo upande mwingine ambao vitabu vya jubilei huupita haraka. Ukata huwaleta watu kanisani, na huwaondoa pia. Kanisa lililojifunza kujitegemea lilijenga utaratibu wa ahadi na bahasha, na kwa utaratibu huo yamepatikana majengo, mishahara ya wainjilisti na shule. Lakini bahasha ina jina. Katika miaka ya 1990, wafanyakazi wa mashirika ya umma walipopunguzwa kazi na uchangiaji wa matibabu ulipoanza mwaka 1993 katika hospitali za serikali, wapo washarika waliokoma kuja si kwa kukosa imani bali kwa kukosa cha kutia ndani yake, wakiogopa siku ya msiba wataulizwa. Baadhi yao walikwenda kusali kwenye mikutano ya viwanjani, ambako hakuna aliyewajua. Mzee wa Kanisa aliyewafuata nyumbani aliwarudisha wachache. Wengine majina yao yalibaki katika daftari la usharika, na safu ya sadaka mbele ya jina ikiwa tupu.