Mbwa wetu hawana shida ya kamba, wana shida ya chanjo

Kuna zile video za Marekani na Ulaya ambazo watu hupenda kunitumia. Bustani imezungushiwa ua, wenyewe wamekaa kwenye benchi na kahawa, mbwa wanakimbizana bila kamba. Halafu mtu anauliza, "Sisi huku Mukumu tutajengewa lini?" Mwingine anamjibu ati Mukumu nzima ni bustani ya mbwa. Mnacheka, lakini huyo wa pili amesema ukweli, na ukweli huo una historia ndefu kuliko mnavyodhani.

Huku Isukha mbwa hakuwa mnyama wa kufungwa. Usiku alilinda boma, mchana alifuatana na watoto wachungaji, na siku ya kuwinda aliingia na wanaume kwenye Msitu wa Kakamega. Hebu niambie, mbwa wa kuwinda ukimfunga kamba atakamata nini? Uhuru wake ndio ulikuwa kazi yake.

Mambo yakabadilika wakoloni walipokuja. Mwaka wa 1933 msitu wetu ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi, na sheria za wanyamapori zikamfanya Mwafrika mwenye mbwa na mkuki aonekane jangili. Wakati huohuo walowezi walikuwa wameleta mbwa wa kuwinda kutoka Uingereza. Kwa vile wale mbweha wekundu wa kwao hawako huku, wakapanda farasi na kufukuza bweha na paa. Yaani mbwa wako akikimbiza mnyama ni kosa, mbwa wa mzungu akikimbiza ni mchezo wa Jumapili. Na ukifika kwa lango lake unakuta kibao, "Mbwa Kali". Hicho kibao kiliandikwa kwa Kiswahili, kwa hivyo unajua kilikuwa kinamwambia nani.

Lakini tusilaumu ukoloni peke yake, kwa sababu kulikuwa na hatari ya kweli. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Mwaka wa 1928 kikathibitishwa kwa binadamu, mwanamke wa eneo la Ziwa Victoria, upande wetu huu. Sheria ikaja, na bado iko hadi leo: ugonjwa ukitangazwa mahali, mbwa wafungwe, na anayezurura anaweza kuuawa. Hivyo ndivyo vijiji vingi vilivyozoea kuiona serikali kwa mambo ya mbwa. Inakuja na bunduki au sumu, inaondoka.

Sasa angalia hao tunaowaonea wivu. Uingereza yenyewe ilianza kwa kubana. Mwaka wa 1897 serikali yao ilikaza amri kwamba mbwa wavalishwe vifunga mdomo, na mbwa wa kutoka nje wawekwe karantini. Wenye mbwa walilalamika sana, lakini kufikia 1902 ugonjwa ulikuwa umeisha. Ukarudi mwaka wa 1918 na mbwa walioingizwa kwa siri wakati wa vita, wakapambana nao tena hadi 1922. Marekani nao walichanja mbwa kwa miaka mingi. Bustani ya Ohlone kule Berkeley, California, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, ilifunguliwa mwaka wa 1979. Kufikia 2007 nchi hiyo ikatangaza kwamba ile aina ya kichaa inayosambazwa na mbwa kwa mbwa imekwisha kwao.

Umeona mpangilio? Kwanza waliua ugonjwa, halafu wakamwachilia mbwa. Ule ua kwenye video si siri ya bustani. Siri ni sindano ambayo kila mbwa pale ndani amedungwa, na kamera haiwezi kukuonyesha.

Sisi tuna nusu ya pili bila ile ya kwanza. Mbwa wako huru kutoka sokoni Khayega hadi malango ya shule za Mukumu, lakini wangapi wamechanjwa? Serikali ilizindua mkakati mwaka wa 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030. Makadirio yanayotumika ni kwamba ugonjwa huu unaua Wakenya kama 2,000 kila mwaka. Duniani, karibu watu wanne kati ya kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Na dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumrudisha mtu.

Najua wengine mtasema tufunge mbwa wote na mambo yaishe. Kwa boma gani? Nyingi hapa zina ua wa miti tu, na mbwa anayeshinda kwa mnyororo mchana kutwa anakuwa mkali zaidi. Wengine mtasema waliozidi wauawe. Tumejaribu tangu enzi za mkoloni, na kila ukiua mbwa wa hapa, wengine wasiochanjwa wanakuja kujaza nafasi. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupitia. Si lazima ufikie wote, na hakuna haja ya bunduki.

Kwa hivyo msiniambie tudai bustani. Tudai daktari wa mifugo aje sokoni siku inayojulikana, kila mwaka, na chanjo iwe ya bure. Tulisema kwa baraza la chifu, tuwasumbue wawakilishi wetu wa wadi. Na wewe siku hiyo ikifika, mlete Simba wako hata kama ni mbwa koko tu. Kabla ya hapo, mtoto akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Bustani tayari tunayo, mababu walituachia. Kilichobaki ni kuifanya iwe salama kwa mtoto anayepita hapo akienda shule.