KULA PAMOJA KATIKA MAKANISA YA LODWAR NA KAKUMA

Katika taarifa hii ya kila mwaka tumezoea kuwaeleza wanachama habari za fedha na mikutano. Safari hii twaomba nafasi tueleze jambo lisiloonekana katika daftari la hesabu, nalo ni chakula ambacho waumini hula pamoja baada ya ibada, na sababu za kupungua kwake.

Desturi ya kula pamoja haikuletwa Turkana na kanisa. Tangu kale wanaume wa Kiturkana hukutana katika akiriket: mnyama huchinjwa na kuchomwa, nao huketi nusu duara, kila mtu mahali pake kwa kadiri ya umri na kundi lake, ama Mawe ama Chui. Baba akiwa Jiwe, mwanawe huwa Chui. Aliyetoa mnyama leo, kesho hula cha mwenziwe. Kwa hiyo hapana mwombaji katika duara lile.

Kanisa lilikuja kwa njia nyingine. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Turkana, na mgeni hakuingia bila kibali. Huko Lodwar ndiko alikozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961. Wamisionari nao hawakuruhusiwa kufanya makao. Mlango ulifunguliwa na njaa ya 1960 na 1961, ambapo makambi ya chakula yaliwekwa, na African Inland Mission pamoja na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland wakaruhusiwa kusaidia. Basi wako wengi waliopokea posho kwanza, na mahubiri baadaye.

Posho ile iliokoa maisha, wala hatuwezi kuidharau. Lakini kilikuwa chakula cha kupewa. Mkono mmoja ulitoa na mikono mingi ikapokea. Kila ukame uliofuata, kama ule wa 1979 hadi 1981, ulitia nguvu mazoea hayo, hata watu wakadhani kwamba kulisha ni kazi ya misheni, na kazi ya waumini ni kupanga mstari.

Kakuma, iliyo kama kilomita 120 kutoka Lodwar, ilipokea wakimbizi kuanzia 1992, wengi wao wakiwa vijana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Posho yao hupimwa kwa kadi, kwa hesabu ya watu wa nyumba. Hata hivyo walijenga makanisa ya udongo, na Waethiopia wakajenga la Kiorthodoksi. Siku ya sikukuu chungu cha wote hutoka katika vibaba vya nyumba mbalimbali. Lakini katika miaka ya karibuni posho imekatwa mara kwa mara, na mwaka 2025 wakimbizi waligawanywa katika mafungu kwa kadiri ya uhitaji, hata wengine wasipate chakula kabisa. Wenyeji nao walipoteza mifugo mingi katika ukame wa 2020 hadi 2023. Nyumba isiyo na unga wa kesho italeta nini kanisani? Na mwenye haya hubaki nyumbani, asionekane amekuja mikono mitupu.

Jambo hili si geni katika Ukristo. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mmoja alikaa na njaa na mwingine akalewa katika mlo uleule. Katika karne ya nne, Mtaguso wa Laodikia ulikataza karamu za upendo ndani ya makanisa. Meza ya pamoja yaweza kufa, na ibada ikaendelea kana kwamba hakuna kilichopotea.

Sisi twaona kuna kilichopotea. Posho humwambia mtu kwamba yeye ni namba katika kadi. Meza humwambia kwamba ana mahali pake pa kuketi. Hatuwezi kurudisha vibaba vilivyokatwa. Lakini yatupasa kuanza tena kwa kidogo: birika la chai, uji, konzi ya maharagwe, mwenyeji na mkimbizi wakileta kila mmoja alichonacho. Asiye na kitu alete kuni au achote maji, asiulizwe kadi, naye aketi pamoja na wengine. Haba na haba hujaza kibaba, na hicho ndicho kibaba ambacho hakuna ofisi iwezayo kukipunguza.