Kijiko chenye jina, mchapo usio na jina

Mwaka 1591 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani yote, alimwamuru bingwa wake wa chai, Sen no Rikyū, ajiue. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alichonga kijiko cha mwanzi, akakitumia katika karamu yake ya mwisho, kisha akampa mwanafunzi wake Furuta Oribe. Oribe alikitengenezea ala yenye kidirisha, akawa anakiweka mbele yake kama kumbukumbu ya marehemu. Kijiko hicho kinaitwa Machozi, na kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya.

Zamani vijiko vya kuchotea unga wa chai uitwao matcha vilitoka China, vingine vya pembe za ndovu. Murata Jukō, aliyefariki 1502, na Takeno Jōō baada yake, waliugeukia mwanzi. Rikyū aliongeza ujasiri: pingili iliyokuwa ikikwepwa, au kusukumwa mwishoni mwa mpini, yeye akaiacha katikati, ionwe na kila mtu.

Mchapo wa kukorogea, chaseni, una safari nyingine. Mfalme Huizong wa China aliueleza katika kitabu chake cha chai cha mwaka 1107. Baadaye Wachina wakaacha chai ya unga, Wajapani wakaendelea nayo. Mapokeo yanasema ni Jukō aliyemwomba Sōzei, mtoto wa mtawala wa Takayama karibu na Nara, amtengenezee mchapo wa mwanzi. Kijiji hicho hakijaacha kazi hiyo mpaka leo.

Na ni kazi kweli. Mwanzi hukatwa wakati wa baridi, huchemshwa utoke mafuta, huanikwa mashambani, kisha hukaa ghalani miaka kadhaa. Fundi huchukua kipande kimoja kifupi, akapasua nusu ya juu kuwa mbale 16, halafu kila ubale akaupasua tena hadi apate nyuzi 80, 100 au 120. Hakuna gundi wala msumari. Ni uzi tu unaozitenga. Ncha hulowekwa katika maji ya moto na kuparwa mpaka zinakuwa nyembamba mno. Mafundi wanasema ladha ya chai huamuliwa hapo. Siri ya ufundi huo ilirithishwa mtoto mmoja tu, na kazi ilifanyika usiku, mbali na macho ya majirani.

Pamoja na jasho lote hilo, chai ikiisha wageni huomba kukitazama kijiko na kuuliza nani alikichonga na kinaitwaje. Mchapo hauulizwi na mtu. Nyuzi zikikatika, unatupwa. Mimi naona fundi wa Takayama amepunjwa.

Serikali ya Japani iliutambua ufundi huo kuwa sanaa ya jadi mwaka 1975. Takayama bado inatoa takriban asilimia 90 ya michapo inayotengenezwa Japani, ingawa madukani inashindana na ile ya bei rahisi kutoka China.