Pembetatu pacha: Jina lenye jibu ndani yake

JUZI mpwa wangu wa Gredi ya 7 alinijia na daftari la hesabu. “Mjomba, pembe hizi za chini nitazijuaje na sijapewa?” Pembe ya juu ilikuwa nyuzi 40, na pande mbili zilitiwa alama kuonyesha zinalingana. Jina la umbo hilo alilijua kwa Kiingereza, tena herufi kwa herufi. Maana yake? Hakuwa nayo. Katika umri wake hata mimi sikuwa nayo.

Nikamwambia kwa Kiswahili inaitwa pembetatu pacha. Akanyamaza kidogo. “Kumbe na pembe za chini ni pacha!” Basi, kazi ikawa imekwisha. Pembe zote tatu hujumlishwa kuwa nyuzi 180. Toa 40, inabaki 140. Wagawie pacha, kila mmoja apate 70.

Alichokigundua kijana kina historia ndefu. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5 Baada ya Kristo, anasimulia kwamba Thales wa Miletus, aliyeishi takriban miaka elfu moja kabla yake, ndiye aliyelitambua jambo hili kwanza. Ila Thales, asema Proclus, hakuziita pembe hizo “sawa”, aliziita “zinazofanana”. Kwa hivyo hata Wagiriki msamiati wao wa hisabati waliuchonga polepole.

Mnamo 300 Kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria alilithibitisha jambo hilo kwa hoja ndefu. Baadaye wanafunzi wa Ulaya waliibandika hoja hiyo jina la Daraja la Punda, kwani aliyeshindwa kuivuka hakuendelea mbele. Pappus, naye wa Alexandria, aliifupisha: igeuze pembetatu, kushoto kuwe kulia, kisha uilinganishe na yenyewe. Pacha wamebadilishana nafasi na umbo ni lile lile!

Tazama sasa majina. Wagiriki waliiita “yenye miguu sawa”. Waarabu, “yenye miundi miwili sawa”. Kiswahili, ambacho hata neno hisabati kimelitoa kwa Waarabu, hapa hakikukopa. Kiliwatazama watoto wawili wa mimba moja. Isiyo na pande zinazolingana nayo ikaitwa guni, jina tunalolipa shairi lisilofuata arudhi.

Wapo wanaodai eti Kiswahili hakiwezi hisabati. Wenzetu wa Tanzania wanaifundisha kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali. Sisemi tukiache Kiingereza, mtihani si uko kwa Kiingereza? Ninachomwomba mwalimu ni alitaje neno pacha, japo mara moja, kabla ya kuandika ubaoni.

Jioni mpwa wangu alirudi. “Mjomba, na wakisema tu pembe moja ni 40, bila kusema ni ipi?” Nikamwachia mwenyewe. Baada ya muda akaja na majibu mawili: ama zilizobaki ni 70 na 70, ama ni 40 na 100. Daraja alikuwa amelivuka.