Ekru ya bronzi: historia ya mikono iliyorudi



Mashini yetu ya CNC, ile inayochonga mbao kwa amri ya kompyuta, ilikaa miezi mitatu ikiharibu mbao. Unaiomba duara, inatoa yai. Miguu ya viti vya shule ilikataa kuingia kwenye matundu yake. Vijana wetu waliiunda wenyewe kwa mabomba ya chuma, motere ndogo na kadi ya Arduino. Wengine wakasema: tuitupe, tuombe mpya. Leo inachonga sawasawa. Lakini ili mujue nini kiliiponyesha, inatubidi kurudi nyuma kidogo.

Treni ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière likatoa shaba ya kwanza. Mgodi hauwezi kungoja kila kipande kitoke Ulaya, kwa hiyo pakawa na ateliye. Mwaka 1928 reli ikaunganisha Katanga na Ilebo, na familia nyingi za Kasaï zikaja kwa njia hiyo. Kampuni ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto, na watoto nao wakajifunza kazi: kulehemu, kuchonga chuma, na ajistaji, ndiyo kupiga tupa mpaka vipande viwili vikae pamoja bila mchezo. Neno hilo, mchezo, mulishike.

Kampuni ikawa ya serikali mwaka 1967, ndiyo Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufika 1993 zilibaki chini ya tani 50,000. Katika miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, ndugu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa. Watu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulikuwa watoto kwenye mabehewa yale. Halafu mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mara mbili mikono ya ateliye ilitawanyika. Hatukupoteza mshahara tu, tulipoteza walimu.

Upande mwingine wa dunia, mwaka 1952, chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashini ya kuchonga chuma iliyosoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Wazo lilitoka kwa John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Kwa miaka mingi kitu hicho kilikuwa cha viwanda vya matajiri. Kadi ya Arduino ilizaliwa Italia mwaka 2005, na programu ya Grbl, ya bure, mwaka 2009. Vijana waliorudi kutoka nje walikuja na elimu hiyo. Ila mashini ya namna yetu inatoa amri tu. Haioni kama meza imetii.

Ndipo tukamwita Papa mmoja, fundi wa ajistaji wa zamani, aliyefukuzwa na akarudi. Kompyuta hakuiangalia hata. Aliomba mashini ichore mstatili wa milimita 300 kwa 400, akapima kona kwa kona. Ilipaswa kuwa 500 pande zote. Tukapata 502 na 498. Daraja linalobeba kisu lilikuwa limekaa upande. Tukalilegeza, tukalinyoosha, tukalikaza.

Yai likapungua, lakini halikwisha. Papa akaweka komparateri, saa ile ya kupima vidogo, akaamuru gari la kisu liende milimita 10 na kurudi. Lilirudi pungufu kwa 0.4. Visi ilizunguka, lakini ekru yake ilikuwa imelika, na kila kisu kilipogeuza njia, duara lilipata bapa. Kijana mmoja akasema programu itaongeza hiyo 0.4. Grbl haina kazi hiyo. Na hata ingekuwa nayo, kisu kikiuma mbao kinavuta gari humohumo ndani ya mchezo. Papa akamwambia:

“Mwana, mashini haina bongo. Ekru yako inacheza, mbao nayo itacheza.”

Akachonga ekru mpya ya bronzi, vipande viwili vinavyosukumwa na springi. Mchezo ukashuka chini ya 0.05.

Ugonjwa wa tatu waliutibu vijana. Kwenye mbao ngumu ya mulombwa, baada ya nusu saa, motere zilipoteza hatua na kazi yote ikahama. Wakapunguza mwendo, wakachonga milimita 2 kwa mara moja badala ya 5, wakaweka feni kwenye kadi, na betri kwa saa umeme unapokatika.

Ndugu wafadhili, mashini mpya nayo ekru yake italika siku moja. Nani ataiponyesha? Papa ni mzee, na baadhi ya wenzake tumekwisha kuwazika. Kwa hiyo ombi letu si mashini. Tunaomba komparateri ya pili, vyombo vya kupimia, na nauli ya wazee kila Jumamosi, ili vijana wakae kando yao.

Nawe mwanachama, kama nyumbani uko na baba au mjomba aliyefanya kazi kwenye ateliye, umulete. Hata kama macho yamechoka, vidole bado vinajua.