Senti kumi zilizoiziba Ikulu

Mwishoni mwa Januari 1938, watumishi wa chumba cha barua katika Ikulu ya Marekani walikosa hata pa kuweka mguu. Walizoea barua elfu chache kwa siku. Sasa magunia yalikuwa yakimiminika, na bahasha zilizomo zilikuwa nzito isivyo kawaida, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sarafu za senti kumi. Nyingine zilikuwa zimegandishwa kwenye nta, nyingine zimebandikwa kwenye picha ya Rais, na wapo waliozioka ndani ya keki. Barua za kiserikali zilipotelea humo humo, zikawa zinatafutwa kama sindano.

Mchokozi wa haya yote alikuwa mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor. Aliwaomba wasikilizaji wake wamtumie Rais Franklin Roosevelt senti kumi kumi za kupambana na polio, na kampeni akaiita March of Dimes, maandamano ya sarafu. Siku mbili za kwanza zilikuja bahasha za kuhesabika, wasaidizi wa Rais wakaanza kutazamana. Kisha mafuriko yakafika. Sarafu zilipohesabiwa zilikuwa 2,680,000, sawa na dola 268,000.

Mtu anayeomba ruzuku ya utafiti wa ulemavu leo anakutana na fomu, bajeti ya miaka mitatu na kamati ya wataalamu wasiomjua. Sehemu kubwa ya utaratibu huo ilikulia kwenye magunia yale.

Roosevelt mwenyewe alipooza miguu kwa polio mwaka 1921, akiwa na miaka 39, mapumzikoni katika kisiwa cha Campobello, Kanada. Miaka mitatu baadaye alisikia habari za chemchemi ya maji ya uvuguvugu huko Warm Springs, jimbo la Georgia. Akaenda, akaogelea, akaona nafuu, na mwaka 1926 akainunua hoteli chakavu iliyokuwa hapo pamoja na ardhi yake kwa sehemu kubwa ya mali yake. Wagonjwa wengine walimfuata. Hoteli ikawa kituo cha tiba, na kituo kikaanza kumla mwenyewe. Alipoingia Ikulu, marafiki zake walipata wazo la kuandaa dansi nchi nzima siku yake ya kuzaliwa, Januari 30. Dansi za kwanza, mwaka 1934, zilileta zaidi ya dola milioni moja, na hizo ni zama ambazo Wamarekani walikuwa wakipanga foleni ya supu.

Sehemu ya fedha za dansi zilizofuata ilipelekwa kwenye utafiti, na hapo mambo yakaharibika. Mwaka 1935 kijana mtafiti wa New York, Maurice Brodie, alichanja maelfu ya watoto kwa chanjo aliyoitengeneza akiwa na fedha hizo. Mwaka huo huo John Kolmer wa Philadelphia naye alikuwa na chanjo yake. Ile ya Brodie haikuthibitika kufanya kazi. Ya Kolmer ilihusishwa na watoto waliopooza na waliokufa. Kwa karibu miaka 20 baada ya hapo, chanjo ya polio ikawa neno la mkosi kwa wanasayansi. Sijawahi kuona mfuko wa ruzuku ulioanza na hasara mbaya namna hiyo na bado ukasimama.

Aliyeusimamisha ni mwanasheria. Basil O'Connor, mshirika wa Roosevelt katika ofisi ya uwakili na mtoto wa fundi bati, alikabidhiwa shirika jipya lililosajiliwa Januari 1938. Hakuwa daktari, na huenda ndiyo maana alifikiri kama mtu anayelipia kazi na kutaka kuiona. Alijenga matawi karibu katika kila wilaya ya nchi, na sehemu ya kila mchango ikabaki pale ulipochangwa. Tawi liliahidi kwamba hakuna mgonjwa wa polio atakayekosa tiba kwa kukosa fedha. Ahadi hiyo ilikuwa ghali. Pafu la chuma, ile mashine ya kupumulia iliyobuniwa Boston mwaka 1928, ambamo mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa nje, liliuzwa bei ya kukaribia nyumba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha zile za sarafu haikwenda maabara kabisa. Ilikwenda kwenye vitanda, vyuma vya miguu, magongo na mishahara ya wauguzi.

Lakini kitanda cha nani? Warm Springs ilipokea wagonjwa weupe tu. Weusi walicheza dansi za Rais na kutoa senti zao kama wengine, ila mtoto wao akipooza hakuwa na nafasi kwenye bwawa lile. Magazeti ya Weusi na madaktari wao walilipigia kelele jambo hili mpaka likawa aibu ya kisiasa. Jibu la O'Connor lilikuwa kutoa fedha za kujenga kituo tofauti katika Chuo cha Tuskegee, Alabama, kilichofunguliwa Januari 1941 kikiwa na vitanda 36. Ubaguzi haukuondolewa, ulijengewa jengo. Hata hivyo Tuskegee ilipata madaktari na wauguzi Weusi waliobobea katika mifupa, na miaka kumi na kitu baadaye, kwa ruzuku ya shirika lile lile, maabara yake ilizalisha kwa wingi chembe za HeLa za kupimia damu ya watoto waliochanjwa. Chembe hizo zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mweusi aliyekufa kwa saratani Baltimore mwaka 1951. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Upande wa utafiti, shirika lilijifunza kutokana na janga la 1935. Liliunda kamati za wanasayansi wa kupima maombi, likatoa ruzuku za miaka kadhaa mahali pa zile za msimu mmoja, na likakubali kulipia hata gharama ambazo chuo huzibeba kimya kimya: umeme, majengo, makarani. Watafiti wa leo wanaogombana na wafadhili juu ya gharama za uendeshaji wanabishana jambo ambalo O'Connor alikwisha kulikubali. Matunda yalionekana mwaka 1949, pale John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins wa Boston walipofaulu kukuza virusi vya polio kwenye tishu zisizo za mishipa ya fahamu. Mpaka hapo mtu alihitaji nyani hai ili kuvipata. Watatu hao walitunukiwa Nobel mwaka 1954.

Kutoka hapo Jonas Salk wa Pittsburgh alikuwa na njia. Lakini chanjo lazima ijaribiwe kwa mtu, na hii ndiyo sehemu ya historia inayosimuliwa kwa haraka kuliko zote. Mwaka 1952 Salk aliwajaribu kwanza watoto wa makao ya D.T. Watson, karibu na Pittsburgh, ambao tayari walikuwa wamepooza kwa polio, kisha wakazi wa shule ya Polk, taasisi ya serikali ya watu wenye ulemavu wa akili. Mpinzani wake Hilary Koprowski alikuwa amemtangulia mwaka 1950, akiwanywesha virusi hai vilivyofifishwa watoto 20 wa Letchworth Village, taasisi ya aina hiyo hiyo katika jimbo la New York. Hawakudhurika. Lakini waliteuliwa kwa sababu walikuwa wamefungiwa mahali pamoja na hawakuwa na wa kuwasemea. Mtoto mwenye ulemavu alikuwa uso wa bango la michango, alikuwa mgonjwa wodini, na sasa alikuwa mkono wa kujaribia sindano. Penye meza ya kugawa fedha hakuwepo.

Alikuwepo Roosevelt, mtu atanikumbusha. Kweli, ila Roosevelt alijificha. Picha zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu ni za kuhesabu kwa vidole, na alipohutubia alishikilia mimbari huku vyuma vya miguu vikiwa chini ya suruali. Alikufa Aprili 12, 1945.

Miaka kumi kamili baadaye, Aprili 12, 1955, Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan alisimama mbele ya wanasayansi na waandishi wa habari mjini Ann Arbor kutoa matokeo ya jaribio kubwa. Nchi ilikuwa na sababu ya kungoja: mwaka 1952 peke yake uliandikisha wagonjwa karibu 58,000 na vifo zaidi ya 3,000. Mwaka 1954 watoto wapatao milioni 1.8 waliandikishwa kwenye jaribio hilo, wengine wakidungwa chanjo, wengine kimiminika kisicho na chanjo, wengine wakiangaliwa tu. Shirika lililipa gharama, dola milioni 7.5, bila serikali kutia mkono mfukoni. O'Connor alikwenda mbali zaidi, akaagiza chanjo ya dola milioni 9 kabla ya kujua kama inafanya kazi, ili viwanda visisimame. Francis alisema inafanya kazi. Kengele za makanisa zililia. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya chupa za kiwanda cha Cutter huko California zilikuwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa, na ukaguzi wa chanjo Marekani ukabadilika tangu siku hiyo.

Albert Sabin, aliyelipwa na mfuko huo huo, alifuata njia ya virusi hai vya kumeza. Kwa kuwa watoto wa Marekani walikwisha kuchanjwa kwa sindano ya Salk, alipata mamilioni wa kuwajaribu katika Umoja wa Kisovyeti. Koprowski naye aliangalia Afrika: mwaka 1958 chanjo yake ilitolewa kwa watu kama 215,000 katika bonde la Ruzizi, kati ya Bukavu na Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi. Wabelgiji ndio waliotoa ruhusa. Chanjo ya Koprowski haikupata leseni Marekani, ya Sabin ikapata, na hiyo ndiyo asili ya matone ya polio tunayoyajua. Mwaka 2022, virusi vya polio vilipoonekana tena Malawi, wahudumu wa afya wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma nchini Tanzania walipita nyumba kwa nyumba na makasha ya barafu, wakitoa matone ambayo ukoo wake unarudi mpaka kwenye senti za Cantor.

O'Connor alibaki na tatizo la kipekee: shirika lenye matawi nchi nzima lililokwisha kumshinda adui wake. Mwaka 1958 alitangaza kwamba sasa watashughulikia kasoro za kuzaliwa. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa shirika. Kwa maelfu waliokwisha kupooza ulikuwa jambo jingine. Mfuko ulikuwa umewalipia hospitali na ulikuwa umelipia maabara. Ngazi za shule, mlango wa basi na mtu wa kukuvalisha asubuhi havikuwa kwenye bajeti ya yeyote.

Ed Roberts alipooza mwaka 1953, akiwa na miaka 14, miaka miwili kabla ya tangazo la Ann Arbor. Alibaki na vidole vichache tu vinavyocheza, na usiku alilala ndani ya pafu la chuma. Shule yake ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa amefanya mazoezi ya viungo wala mafunzo ya udereva. Mama yake akapambana nao mpaka wakalegea. Alipoomba msaada wa masomo, idara ya jimbo la California inayosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ilimkatalia: hawezi kuajirika, kwa hiyo fedha zitapotea. Magazeti yakaingilia, idara ikageuza uamuzi. Mwaka 1962 alianza Chuo Kikuu cha Berkeley, akikaa katika hospitali ya chuo kwa kuwa bweni lisingebeba uzito wa pafu lake. Wanafunzi wengine wenye viti vya magurudumu wakamfuata ghorofani pale, na wodi ikageuka kijiwe cha siasa.

Mwaka 1970 kundi hilo lilipata ruzuku ya serikali kuu na kuanzisha huduma yao wenyewe: karakana ya kutengeneza viti vinavyoharibika usiku, orodha ya wasaidizi wa kuajiriwa, ushauri wa nyumba. Mwaka 1972 huduma kama hizo zilitoka nje ya chuo zikawa Kituo cha Kujitegemea cha Berkeley, kikiongozwa na watu wenye ulemavu. Katikati ya miaka ya 1970 gavana Jerry Brown alimteua Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyosema haajiriki. Sasa yeye ndiye aliyetia sahihi.

Wakati huo kulikuwa na sentensi moja imelala katika sheria ya 1973, kifungu cha 504, ikisema kwamba yeyote anayepokea fedha za serikali kuu haruhusiwi kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Chuo, hospitali, maabara, wote. Bila kanuni ilikuwa karatasi tu, na kanuni zilikaa mezani miaka minne bila sahihi. Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya 100 waliingia jengo la serikali San Francisco na kukataa kutoka. Miongoni mwa viongozi alikuwemo Judith Heumann, aliyepooza kwa polio mwaka 1949, ambaye utotoni shule ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake kingekuwa hatari moto ukitokea. Chama cha Black Panther kilileta chakula. Walikaa zaidi ya wiki tatu, na Aprili 28 waziri Joseph Califano akatia sahihi.

Mwaka 2002 Heumann alipewa kazi Benki ya Dunia, mshauri wake wa kwanza wa ulemavu na maendeleo. Miaka minne baadaye Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 32 kinataka miradi ya ushirikiano wa kimataifa iwahusishe watu hao na iwafikie, na kinataja pia ushirikiano katika utafiti. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo mradi wa fedha za nje unaojenga zahanati au kupima dawa kwenye nchi hizi unaweza kuulizwa swali lisilokuwa na pa kuulizwa zama za O'Connor: nani mwenye ulemavu alikaa kwenye kamati iliyoupitisha?